Alama Kumi na Moja za Dada Yangu Marieta

Mwl. Yoakimu Benedict (mstaafu),
Kijiji cha Dirma,
Wilaya ya Hanang.
12 Agosti 2024

Kwa Mratibu,
Mradi wa Kupima Kumbukumbu za Wazee.

Ndugu Mratibu,

YAH: KURUDISHIWA AKILI ZA DADA YANGU MARIETA, ZILIZOPOTEA MIKONONI MWA MRADI WAKO

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, nimeipokea kabla hujaileta ili tusichelewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu. Nimesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na minne na ninajua alama ni kitu gani. Mwezi wa pili mwaka huu wapimaji wako walifika hapa kwetu wakaita wazee wote waliopita miaka sitini waje ofisi ya kata kupimwa akili. Nilikwenda. Nilipata ishirini na tisa katika thelathini. Sina malalamiko juu ya alama yangu, ingawa ile moja niliyonyimwa ilikuwa ya kuandika sentensi yoyote, nami niliandika sita katika aya mbili. Nikaambiwa ilitakiwa moja. Darasani kwangu mtoto aliyezidisha hakuadhibiwa, lakini tuliache hilo.

Ninaandika kwa ajili ya dada yangu Marieta, mwenye miaka sabini na tisa kwa hesabu ya kanisa na themanini na mbili kwa hesabu yake mwenyewe. Yeye alipata kumi na moja. Karatasi aliyopewa imeandikwa: "Upungufu mkubwa. Familia inashauriwa kumfuatilia kwa karibu." Familia imefuatilia, Ndugu Mratibu. Imefuatilia mpaka mama wa watu hapumui. Nitaeleza kwa mpangilio.

1. Kuhusu salamu. Mpimaji wako, binti mmoja anayeitwa Angela, ana adabu na sina neno baya juu yake. Alisema shikamoo vizuri. Dada akaitikia, kisha akaanza kumuuliza habari kama inavyopasa: mama yake hajambo, baba yake yuko hai, kwao wanafuga nini, mvua imenyesha. Alipofika kwa ndugu zake wa kike, Angela akabonyeza saa na kusema tumeanza. Dada hakujua kilichoanza. Swali la kwanza la mtihani likaulizwa katikati ya salamu, naye akaendelea na salamu. Zero.

2. Kuhusu mkalimani. Mlituletea ndugu Nicodemo, mtu mzima mwenye familia, kutoka Tumati kule Mbulu. Ni mtu mwema na anazungumza Kiiraqw kama maji. Sisi ni Wabarabaig. Lugha yetu Nicodemo alijifunza mnadani, kwa hiyo anajua kusema ng'ombe huyu bei gani, punguza, na ana ugonjwa? Kwa maneno hayo matatu alipewa kazi ya kupima akili ya mama wa watu. Mengine yote aliyasoma kwenye karatasi mliyotafsiri huko mjini, akiyatamka kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe.

3. Kuhusu tarehe na msimu. Dada aliulizwa leo ni tarehe ngapi. Akajibu: "Unaitakia nini?" Ninakuomba uitafakari hiyo. Mtu akikuuliza tarehe bila sababu, ni nani kati yenu mwenye tatizo? Akaulizwa huu ni msimu gani. Karatasi yenu ina misimu minne. Dada akasema ni msimu wa kusubiri. Ilikuwa Februari, mahindi hayajapandwa, ng'ombe wanatembea kilomita kumi na nne kufuata maji, na kila mtu wa Hanang alikuwa anasubiri. Hakuna mtu mzee kwa kijana ambaye angejibu vizuri zaidi. Zero. Akaulizwa tuko ghorofa ya ngapi. Dada akatazama juu, akaona bati, akauliza kama kuna watu wanaishi huko. Zero tena.

4. Kuhusu picha. Alionyeshwa mnyama mwenye nundu akasema ni ng'ombe aliyeumia mgongo, na hapo ninakubali alikosa, alikuwa ngamia. Lakini alipoonyeshwa kifaru, alisema: "Huyu alikwisha." Ni kweli. Baba yetu alimwona wa mwisho upande wa Basotu kabla mimi sijazaliwa. Nilimwuliza Angela baadaye kwa nini alimkosesha. Akanijibu kwa masikitiko ya kweli: "Mwalimu, karatasi haina nafasi ya kuandika 'alikwisha'. Ina kisanduku cha ndiyo na cha hapana."

5. Kuhusu saba. Hapa ndipo palipotokea vurugu, na ninaomba uniazime masikio. Mtihani unasema: toa saba katika mia, kisha toa saba tena, na tena, mara tano. Nicodemo, kwa nia njema ya kurahisisha, akasema ni ng'ombe. Una ng'ombe mia, wametoka saba, wamebaki wangapi?

Dada akauliza: "Wametoka wakaenda wapi?"

Nicodemo akasema hilo si muhimu. Wametoka saba wengine. Dada akasimama. Akataka kujua walitoka saa ngapi, kwa njia gani, na nani alikuwa zamu ya machungo. Nicodemo, jasho likimtoka, akasema wametoka saba wengine tena, jumla ishirini na moja. Dada akachukua fimbo yake, akatoka nje na kuwapigia kelele vijana waliokuwa pale dukani kwamba kuna wizi. Kumi na wawili waliondoka mbio kuelekea bondeni na wawili kati yao walirudi kesho yake.

Mmeandika kwamba alishindwa kuendelea na hesabu. Ndugu Mratibu, ukimwambia Mbarabaig kwamba ng'ombe saba wametoka katika mia, anayekujibu "tisini na tatu" na kubaki amekaa ndiye wa kupelekwa hospitali.

6. Kuhusu kutaja wanyama. Aliambiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Akataja arobaini na mmoja. Alitaja kila mmoja kwa jina lake, kwa rangi yake na kwa mama aliyemzaa, na dakika ilipokwisha alilalamika kwamba hajafika kwa mitamba. Angela aliandika: "Ng'ombe. Jumla: 1."

7. Kuhusu saa. Mlitaka achore duara kubwa kisha aweke ndani vyote vinavyotakiwa kuwemo. Nicodemo hakupata neno la saa ya ukutani, akasema hivyo hivyo: duara na vyote vya ndani. Dada hajawahi kushika kalamu. Akaishika kama anavyoshika mpini, akachora duara, akaacha lango upande wa machweo, akaweka nyumba yake, nyumba ya mke mdogo, zizi la ndama na mahali pa majivu. Nimeiona karatasi hiyo. Hakuna kilichopungua. Mwanafunzi wangu angeichora hivyo ningeibandika ukutani.

8. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Alisomewa maneno matano na kuambiwa ayashike, atayarudia baada ya dakika kumi. Kwa Kiswahili ni moto, jiwe, asali, mvua na kiatu. Sasa elewa. Kwetu mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake, wala jina la wakubwa wengine wa ukoo wa mume, na si jina tu: hataji hata neno la kawaida linalofanana na majina hayo kwa sauti. Akitaka kusema kitu hicho anatumia neno jingine ambalo wake wa ukoo huo wanalijua. Huo ndio ustaarabu, na Marieta ameuishi kwa miaka sitini na miwili bila kuteleza hata siku moja, hata alipokuwa anajifungua.

Katika maneno yenu matano, matatu yanagongana na wakwe zake. Moto unagongana na baba mkwe mwenyewe. (Jina lake nami siliandiki hapa, kwa heshima.) Dakika kumi zilipopita, dada aliyarudia yote matano kwa mpangilio uleule. Kwa moto alisema kinachoivisha. Kwa jiwe, kizito cha chini. Kwa mvua, mgeni wetu. Asali na kiatu aliyataja yalivyo kwa sababu hayana mkwe. Nicodemo alimwambia Angela kwamba bibi amekumbuka mawili na mengine amebuni.

Nakuomba ulipime jambo hili taratibu, ukiwa umekaa. Wewe unayashika maneno matano kichwani. Yeye aliyashika matano, akayapitisha mbele ya marehemu wote wa ukoo wa mumewe, akayabadilisha matatu, akayarudisha kwenye mpangilio wake na kuyatoa bila kumvunjia heshima hata mmoja. Mkampa mbili.

Sasa yaliyofuata.

9. Mwanawe Michael, anayefanya kazi Babati, alitumiwa nakala ya matokeo kwenye simu. Alikuja siku hiyohiyo kwa pikipiki, akilia. Michael ni mtoto mzuri na ni mpwa wangu, lakini ni mtu wa kufuata karatasi. Alimkataza mama yake kwenda mnadani. Alimkataza kukamua, eti anaweza kusahau ng'ombe yupi ana teke. Kisha akachukua sindano na uzi akamshonea kwenye shuka, upande wa mgongoni, kipande cha kitambaa kilichoandikwa: JINA LANGU NI MARIETA. UKINIKUTA NIMEPOTEA PIGA NAMBA HII. Huyu ni mwanamke anayejulikana kutoka hapa mpaka Basotu. Watoto wa shule wakawa wanamfuata nyuma wakifanya mazoezi ya kusoma.

Na kila Michael akija sasa anasimama mbele yake na kumwambia kwa sauti ya mnadani, "Mama, mimi ni Michael, mwanao." Mara ya tatu dada alimjibu: "Najua. Nilikuwepo." Michael akanivuta pembeni akaniuliza, "Mjomba, unaona anavyoongea?"

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa amekaa juu ya ngozi, mikono mitupu, na ng'ombe wakirudi jioni bila kupita mkononi mwake. Mimi nilizaliwa yeye akiwa ameshaota meno ya utu uzima, alinibeba mgongoni pale pale kilipo sasa kile kitambaa. Sitaongeza neno hapo, kwa sababu hii ni barua ya kiofisi.

10. Athari kwa utawala wa sheria. Wanawake wa kwetu wana kikao chao. Mwanaume akimkosea mwanamke, kikao humwita, husikiliza na kumtoza faini, mara nyingi dume jeusi, na rufaa hakuna. Kwa miaka kumi na tisa anayeongoza kikao hicho ni Marieta, kwa sababu anakumbuka kila kesi na kila mtu alisema nini. Alama zilipotangazwa, wanaume wa hapa walifurahi kwa namna isiyopendeza. Wiki ya pili mmoja alikuja kudai dume lake la mwaka 2011 lirudishwe, kwa hoja kwamba hukumu ilitolewa na mtu mwenye kumi na moja katika thelathini. Wiki ya tatu walikuwa saba. Mmoja wao alitozwa faini na kikao cha kijiji kingine kabisa, lakini aliona asipitwe. Wanawake nao wamesema hawakai bila Marieta. Kwa hiyo tangu Machi, Ndugu Mratibu, hapa Dirma mwanaume anaweza kufanya atakalo, na mradi wako ndio uliofanya hivyo.

11. Hatua nilizochukua. Nilikwenda kwanza kwa wahusika wa afya, wakaniambia wao hawahusiki. Ndipo nikaketi nikatunga mtihani wangu, maswali thelathini, kwa lugha yetu. Taja ng'ombe wa jirani yako wa mashariki. Ukoo gani huoi? Eleza njia ya kwenda kwenye chumvi wanayolamba ng'ombe, kwa mtu aliyefumba macho. Nilimpima Nicodemo: nne. Nilimpima kiongozi mmoja wa serikali ambaye simtaji: sita, na mbili ni za huruma. Angela alipopita tena mwezi wa tano nilimpima naye, kwa hiari yake. Alipata tatu. Hakukasirika. Aliomba nakala ya maswali, kisha akaenda kwa dada akakaa naye kutwa nzima akimuuliza yale maneno ya wake wa ukoo na kuandika. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akaniambia, "Mwalimu, tumekosea kitu kikubwa." Hilo ni ungamo, nami nalitumia kama ushahidi.

12. Kwa hayo yote ninaomba yafuatayo. Kwanza, dada yangu arudishiwe alama zake zote thelathini. Pili, aongezewe arobaini za ng'ombe waliohesabiwa kama mmoja, hivyo jumla iwe sabini katika thelathini. Ninajua hesabu hiyo haijawahi kutokea, lakini hata mtu kama Marieta alikuwa hajawahi kupimwa. Tatu, karatasi mpya ije na muhuri mkubwa, kwa kuwa Michael anaheshimu muhuri. Nne, wapimaji wote wa mradi wako, na wewe mwenyewe, mje Dirma mpimwe kwa lugha yetu. Atakayepata chini ya kumi na mbili asitembee peke yake, asisaini nyaraka wala kuendesha gari, na ashonewe kitambaa mgongoni chenye jina lake na namba ya mtu wa kumpigia. Kitambaa kipo. Mimi nitagharamia uzi.

Barua hii nimemsomea dada yangu neno kwa neno, nikiitafsiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni ndefu lakini ni ya kweli.

Wasalimie wote ofisini, wazazi wako kama wapo, na aliyekupikia leo. Msalimie Nicodemo ukimwona, mwambie wale vijana wawili walirudi salama. Nabaki nikiamini kwamba uliyesoma mpaka hapa bado unakumbuka nilipoanzia.

Wako katika kutafuta haki,

Yoakimu Benedict
(29/30)

N.B. 28 Agosti. Barua hii haikuondoka. Gari la Katesh liliharibika ikakaa mezani wiki mbili, na katika wiki hizo yametokea mambo ambayo lazima uyajue kabla hujachukua hatua yoyote. Ninakusihi usichukue.

Jumanne ya wiki iliyopita Angela alikuja na karatasi ya mradi wako yenye muhuri, inayosema kwamba matokeo ya wanawake wote walioolewa wa Dirma yamefutwa kwa sababu maneno ya mtihani yalikuwa na dosari. Michael alikuja akaisoma mara mbili. Akachukua wembe, akapiga magoti nyuma ya mama yake, akafumua ule uzi mshono kwa mshono, taratibu, bila kuikata shuka. Dada hakugeuka. Alimwambia tu akimaliza awafungulie ndama. Nilifurahi sana siku hiyo.

Jumamosi kikao cha wanawake kikakaa. Kesi ya kwanza ilikuwa yangu.

Kuna jambo sikulitaja huko juu kwa kuwa halikuhusu hoja. Nilipokuwa nawapima watu, nilimpima pia mke wangu Getruda, akiwa anapepeta mahindi. Alipata tisa. Nikazisoma alama hizo kwenye mashine ya kusaga, mbele ya watu, kwa faida ya elimu. Sikujua kwamba alikwenda kushtaki.

Nilijitetea kwamba Marieta ni dada yangu na hawezi kunihukumu. Nikaongeza, na hapa najuta, kwamba mtu wa umri wake asichoshwe na kesi. Dada akaniangalia. "Yoakimu," akasema, "wewe ndiye uliyeandika kurasa sita kwamba akili zangu ni timamu. Keti."

Kisha akaanza kukumbuka. Hakuanza na mashine ya kusaga. Alianza mwaka 1979, mwaka niliooa. Alitaja semina niliyosema imefanyika Katesh na haikufanyika. Alitaja mtungi, na nani aliuvunja, na nani alisingiziwa. Alitaja neno nililomwambia Getruda kwenye msiba wa mama yake, neno lenyewe, kwa sauti yangu, na Getruda akalia kama limesemwa leo. Aliendelea mpaka jua likazama na alikuwa amefika mwaka 1996. Kikao kimeahirishwa mpaka Jumamosi hii ili aendelee.

Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, ninaituma barua kama ilivyo maana sina karatasi nyingine, ila kila niliposema alama ziongezwe, wewe soma zipunguzwe. Zile kumi na moja zilikuwa za haki. Nikitafakari vizuri, Angela alimpendelea. Hata saba zingetosha, mradi ziwe na muhuri.

Gari limepona na linaondoka kesho Alhamisi. Naomba majibu Ijumaa.